Popo wa Pemba walindwe hadi wanakokula

Wageni wanaofika Kidike, kijiji cha Pemba wanakolala popo, hulipa kiingilio, wakatazama juu, wakapiga picha, wakenda zao. Wamemwona popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana penginepo duniani, mwenye mabawa ya karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Wanafunzi wangu wa biolojia mimi huwaambia watazame chini.

Huko ndiko kwenye habari. Popo huyu huitafuna embe, akaifyonza maji, kisha akatema makapi makavu kama chicha. Ukiyachambua kwa kijiti unaona nyuzi za embe au shelisheli; kwenye kinyesi unakuta mbegu ndogo za kuyu. Masalia ya namna hii ndiyo yaliyowawezesha watafiti kuchapisha maelezo ya chakula chake mwaka 1997. Mtoto wa skuli anaiweza kazi hiyo.

Tumefanya kazi nzuri ya kuwalinda wanapolala. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuwindwa sana na kukatiwa misitu, popo hawa walikuwa wa kuhesabika. Wanavijiji wakayasimamia makazi ya popo hao, idadi ikapanda, na mwaka 2008 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ikawatoa katika daraja la hatari kubwa kabisa. Lakini jua likizama popo huondoka Kidike na msitu wa Ngezi, akaingia mashambani mwa watu. Mwembe anaokwenda kula hauna mlinzi. Mwenye mti akitaka mbao au kiwanja, shoka huingia kabla hajauliza mtu.

Jirani yangu hunilalamikia kila msimu: "Mwalimu, hao popo wako wananimalizia embe." Ana haki yake. Hata hivyo, embe za kuuza yeye huzichuma zingali ngumu. Popo huifuata iliyoiva mtini. Na mkuyu ulioota ukingoni mwa shamba lake bila kupandwa na mtu, huenda mbegu yake ilidondoshwa na hao hao popo.

Idara ya misitu ishirikiane na skuli zilizo jirani na makazi ya popo. Makapi na kinyesi viokotwe kila mwezi, mwaka mzima, tujue ni miti gani inayowalisha embe zinapokwisha. Miti hiyo iorodheshwe, na wenye nayo wapate fungu katika fedha za wageni. Kijiji kinachowalaza popo kinapata chake. Anayewalisha naye alipwe.