Salfa Isiyotoka kwa Maji

Najua kurasa hizi huwa za siasa na mambo ya viza, lakini leo naomba nafasi niseme kuhusu makaa ya mawe. Chanzo ni ubishi. Tulikuwa tumekaa baada ya kula, maongezi yakafika kwenye umeme wa nyumbani, na ndugu yetu mmoja anayesoma uchumi akasema, "Kama makaa yana salfa, si yanaoshwa tu? Mbona maneno mengi?" Watu wakamuunga mkono. Mimi nasoma jiolojia, nikajaribu kujibu, nikazidiwa na kelele. Jibu langu ni hili, na hapa hamna wa kunikatiza.

Salfa ya kwenye makaa si ya aina moja. Kuna iliyoshikana na chuma ikawa punje za piriti, yale madini ya manjano yanayong'aa ambayo wengi wameyadhania dhahabu. Punje hizo ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko makaa, kwa hiyo ukiyavunjavunja na kuyapitisha majini, nyingi zinazama. Hapo ndugu yetu kasema kweli. Lakini ipo salfa ya oganiki, iliyofungamana na kaboni ndani ya mwili wa makaa yenyewe. Hii ni sawa na sukari kwenye chai: chujio litatoa majani, sukari inabaki palepale.

Inaingiaje humo? Nyie mliokulia Pwani mnalijua tope la mikoko, ukilikanyaga linavyonuka yai viza. Ni kazi ya bakteria wasiohitaji hewa. Wanatumia salfeti ya maji ya bahari, ambayo ni kama gramu 2.7 katika kila lita, na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Tope likiwa na chuma, chuma kinaidaka gesi hiyo na piriti inaumbika. Sasa chukua kinamasi kilichokaa juu ya mawe ya chokaa matupu, hakuna mto unaoleta udongo mwekundu, bahari inaingia na kutoka. Chuma hakuna. Chokaa nayo inapunguza ukali wa tindikali, bakteria wananawiri. Gesi inazidi, haina wa kuidaka, mwisho inajifunga kwenye mabaki ya mimea. Mamilioni ya miaka baadaye mtu anachimba makaa.

Mfano maarufu ni Raša, kwenye rasi ya Istria nchini Kroatia. Makaa yake yana umri wa kama miaka milioni 60, yamelala katikati ya mawe ya chokaa, na salfa yake hufika asilimia 10 na kuzidi, karibu yote ya oganiki. Huko China pia, Heshan na Guiding, kuna makaa ya namna hiyo yaliyo ya kale zaidi, nayo yamo kwenye chokaa. Wataalamu bado wanabishana kuhusu metali kama urani na vanadi zinazokutwa humo, wengine wakisema zililetwa na maji ya moto kutoka chini.

Piga hesabu ndogo. Tani moja ya makaa yenye salfa asilimia 10 ina kilo 100 za salfa. Ikiungua yote inatoa kilo 200 za gesi ya salfa dayoksaidi. Kituo cha umeme cha Plomin, jirani na migodi hiyo, kilianza mwaka 1970 kwa makaa ya hapohapo. Mtambo wa pili, wa mwaka 2000, uliwekewa vifaa vya kusafisha moshi na ukatumia makaa kutoka nje, maana mgodi wa mwisho ulifungwa 1999. Pana bomba la moshi lenye urefu wa mita 340! Hata hivyo, waliopima udongo wa eneo hilo wamekuta salfa na seleniamu nyingi kuliko kawaida. Migodi imekufa, udongo bado unadaiwa.

Mtauliza, sisi inatuhusu nini? Makaa ya Ngaka kule Ruvuma yaliumbika bara, kwenye vinamasi vya maji baridi, na kwa jumla makaa ya namna hiyo huwa na salfa kidogo. Tushukuru. Lakini makaa husafiri. Mradi wa Lamu, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa na baraza la rufaa mwaka 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ulipangwa kuanza na makaa ya kuagizwa kutoka nje. Na mradi ukija na karatasi, mara nyingi utakuta tarakimu moja tu: salfa yote, asilimia kadhaa. Mimi naona tarakimu hiyo peke yake inadanganya. Asilimia 3 ya piriti na asilimia 3 ya oganiki ni makaa mawili tofauti, na gharama mbili tofauti.

Kati yetu wapo watakaokaa wizarani, benki, au upande wa mwekezaji. Ombi langu ni jedwali la mistari mitatu: salfa ya piriti, ya salfeti, ya oganiki. Na ule wa tatu uulizieni umepatikanaje, kwa sababu kwa kawaida maabara haziupimi moja kwa moja. Wanachukua jumla, wanatoa ile miwili, kinachobaki wanakiita oganiki, pamoja na makosa yote yaliyofanyika kabla. Ndugu yetu wa uchumi, kutoa unakujua.