Kinanda Kilikumbuka Vidole, Kikasahau Sauti

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zilinibana. Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumzie kitufe kimoja tu: kile cha kurekodi kwenye kinanda cha dijitali. Msimamo wangu nautaja mapema: kitufe hicho ni kizuri sana, lakini ukikitegemea peke yake utajuta. Mimi nimejuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu wa Msambweni alikuwa akipiga kinanda harusini. Siku moja alinitembelea hapa Diani, akakaa kwenye kinanda changu na kuanza kupiga wimbo aliousikia utotoni kwenye sengenya, ile ngoma ya Wadigo ambayo nzumari huongoza na ngoma zikaitikia. Huku anapiga, anaimba maneno kwa Kidigo. Katikati akanieleza wimbo huo uliimbwa wakati gani. Mimi, fundi wa kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kurekodi na kujiona nimemaliza kazi.

Alipotua nikabonyeza kitufe cha kusikiliza. Kinanda kikapiga chenyewe, sawasawa, hata pale alipokosea. Lakini sauti yake haikuwemo. Mjomba akacheka: "Mwanangu, hiki kimechukua mikono yangu, mdomo kimeniachia." Nikamwambia, usijali mjomba, siku nyingine tutarudia kwa simu. Siku hiyo haikufika. Mjomba ametangulia mbele ya haki.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Kinanda hakikuwa kibovu. Vinanda vingi vikirekodi kwenye kumbukumbu yake vya ndani huandika MIDI, utaratibu uliotoka mwaka 1983. MIDI haibebi sauti hata kidogo. Inabeba maagizo: kitufe namba 60 kimebonyezwa, kwa nguvu ya 85 kati ya 127, kimeachiliwa baada ya muda fulani. Kwetu waandika programu, ni kama msimbo: wenyewe haulii, unangoja mashine ya kuutekeleza. Ukibadilisha mashine, sauti nayo inabadilika. Faili hilo la mjomba nikilifungua kwenye kompyuta, linalia kama toi.

Kwa ukubwa ndipo utaona tofauti. Dakika 5 za sauti ya ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 53. Faili la mjomba halifiki kilobaiti 40. Wepesi huo una bei yake.

Kuna jambo jingine. Nzumari haikutengenezwa kufuata vitufe 12 vya kinanda. Mpigaji huipinda sauti kwa pumzi na midomo. MIDI ina agizo la kupinda sauti, tena lenye hatua 16,384, ila vinanda vingi vya nyumbani havina gurudumu la kulituma. Na ile orodha ya ala 128 ya General MIDI, ya mwaka 1991, inayo shehnai ya Wahindi kwenye namba 112. Nzumari yetu haimo. Mjomba alipokuwa akiimba, mdomo wake ulikuwa unajaza zile sauti zilizo kati ya kitufe na kitufe. Hizo ndizo nilizozipoteza.

Najua wapo watakaosema MIDI haina maana basi. Hapana! Faili lile lile ndilo lililonifundisha wimbo. Nililipunguza kasi hadi nusu bila sauti kuzama, nikazima mkono wa kulia nikasikiliza wa kushoto peke yake, nikaona hasa alikuwa akiweka kidole wapi. Rekodi ya simu isingenipa hayo kirahisi. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika.

Ushauri wangu, hasa kwa wenye wazee wanaojua nyimbo:

1. Bonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kinanda, halafu weka simu mezani nayo irekodi. Simu itachukua maneno, vicheko na ngoma.

2. Kama kinanda chako kinaandika WAV kwenye flashi, tumia, lakini kumbuka kwa kawaida kinachukua sauti ya kinanda tu. Anayeimba pembeni hayumo.

3. Toa faili siku hiyo hiyo. Vinanda vingi vya bei nafuu huweka wimbo mmoja tu au michache, na rekodi mpya inaifuta ya zamani bila huruma.

4. Weka nakala mahali pawili, na jina linaloeleweka: nani, wapi, lini. Jina kama "SONG001" halitamsaidia mjukuu wako.

5. Muulize mwenye wimbo kama anakubali urekodiwe.

Gharama ya yote hayo? Karibu sufuri, simu unayo tayari mfukoni. Mimi sikukosa kifaa, nilikosa dakika moja ya kufikiri.

Jioni nyingine nafungua lile faili, kinanda kinapiga, na mimi najaribu kuimba juu yake. Maneno nayakumbuka nusu. Nusu nyingine nawauliza watu wa Msambweni, mmoja mmoja, na safari hii simu iko mezani.

Haya wadau, nawaachia hapo. Tukijaliwa tutaonana tena.