Watoto Nao Wapewe Mzigo Wao

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, mabasi na gari moshi ziendazo Tabora hujaa abiria. Ndipo nyumba za Cheyo, kama zile za mitaa mingine ya mji huo, zinapowapokea wana waliotawanyika: huyu atoka Dar es Salaam, yule Mwanza, mwingine Kigoma. Nyumba ya vyumba vinne hulaza watu 20 na zaidi, na aghalabu wengi wao ni watoto. Wazazi wana mengi ya kuzungumza baada ya kutoonana mwaka mzima. Watoto nao huambiwa neno moja tu tangu asubuhi hadi jioni: "Nendeni mkacheze nje."

Amri hiyo yatosha kwa saa moja. Baadaye watoto ambao hawajuani huanza kugombana, au hupanda miembe ambayo msimu huo imejaa maembe, au huingia jikoni wakapita kando ya karai la mafuta ya moto. Wengine hujikunyata pembeni na simu ya baba. Wakubwa hufoka, mtoto mmoja huchapwa, mama yake hununa, na sikukuu huingia doa. Mwisho wa likizo watoto wa ndugu wa tumbo moja hurudi makwao bila kukumbuka hata majina ya wenzao. Watakuja kujuana ukubwani, tena msibani.

Hapana haki kuwalaumu watoto kwa hayo. Wameletwa kwenye shughuli isiyowapa nafasi.

Tabora yenyewe yatupa mfano mwema. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa kwa miguu, na mpagazi mzima alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Katika misafara ya Wanyamwezi walikuwamo pia wanawake na watoto, na wavulana wadogo walipewa pembe ndogo wazichukue, wapate kuizoea kazi ya baba zao. Hatusemi maisha hayo yarudi. Yalikuwa magumu, na njia hiyo hiyo iliwapitisha watumwa waliofungwa minyororo. Bali yule mtoto wa Kinyamwezi aliyefuatana na baba yake alikuwa na mzigo wa kadiri yake, na kwa hiyo alikuwa mmoja wa msafara.

Basi na watoto wa likizo wapewe mzigo wa kadiri yao. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele akishika njia. Kila asubuhi watoto wamchague kirangozi wao, wa kike au wa kiume, mkubwa au mdogo. Kazi yake ni kujua wenzake wako wapi, kuamua mchezo, na kuwahesabu jua linapokuchwa kabla hawajaingia ndani. Mtoto wa miaka minane aliyekabidhiwa hesabu ya watoto 13 hatapanda mwembe siku hiyo, hana nafasi.

Jikoni nako kuna kazi za kutosha zisizohusu moto: kuchambua mchele, kumenya karanga, kupanga sahani, kuwapelekea wazee maji ya kunawa. Hapa lazima tuseme wazi. Katika nyumba nyingi wasichana huitwa jikoni alfajiri nao wavulana huachiwa mpira mpaka chakula kiive. Huko si kuwashirikisha watoto. Ni kuwatumikisha nusu yao na kuwadekeza nusu nyingine. Mvulana naye ana vidole vya kumenya karanga. Kadhalika, mtoto aliyesaidia kupika asiachwe kula mwisho, wageni wamekwisha nyofoa minofu yote.

Mvua haikosi mwezi huo, na siku nzima yaweza kupita wote wamejifungia ndani. Siku hiyo televisheni ipumzike. Bibi aombwe aoneshe tofauti ya michembe na matobolwa: viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na vile vilivyochemshwa kwanza. Babu atoe bao, awafunze wajukuu kuhesabu kete kwa macho bila kuzigusa. Usiku ni wa vitendawili, na anayeshindwa kutegua atoe mji kama ilivyo ada. Wajukuu wenyewe pia wapewe zamu ya kutega, maana mtoto wa Kariakoo ana vitendawili ambavyo babu hajavisikia.

Pengine nyumbani yumo shemeji wa Kizaramo aliyeoa Cheyo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo ulikuzwa na misafara ile ile. Shemeji atamtania bibi maneno ambayo mtoto asiyejua atayadhani ni matusi, naye bibi atamjibu kwa makali zaidi. Mtoto aelezwe. Hakuna somo la shuleni litakalomfundisha jambo hilo kama vile kumwona bibi yake akicheka hadi machozi.

Siku ikiwa kavu, wapelekeni Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Hapo liko tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha bila yeye, akingoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti. Nyumba ionekanayo sasa ilijengwa upya kwa mfano wa ile ya kale, nayo ni makumbusho. Lakini msiishie kwa Mzungu. Wasimulieni watoto habari za Chuma na Susi, ambao mwaka 1873, pamoja na wenzao, waliichukua maiti ya Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakapita Unyanyembe, wakaifikisha Bagamoyo mwaka 1874. Waulizeni wangefanyaje wao: wangekula nini, nani angetangulia, nani angekubali kurudi nyuma. Mabishano hayo yatawafikisha nyumbani bila mtu kulalamika kwamba amechoka.

Wakati wa kurudi wajukuu wawili au watatu wakae na bibi, wamwulize majina ya ndugu zake wote na mahali walikozaliwa, nao wayaandike katika daftari la shule. Kazi hii isingoje likizo ijayo, kwani bibi ana umri mkubwa. Daftari libaki Cheyo, na kila mtoto aondoke na nakala aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya kifurushi chake cha matobolwa, akichukue mwenyewe mpaka stesheni.