Vumilia Si Dawa ya Kuwashwa

Kuna sentensi moja kila mtu wa kazi ya mikono hapa Kenya ameiskia: "Zoea tu, ngozi itakomaa." Dada wa saluni akichubuliwa vidole na kemikali, azoee. Fundi wa mjengo akichomwa na simiti, azoee. Sasa vile wasee wa rika letu wanaingia kwa kufelti, yaani kutengeneza kofia, slipa, wanasesere na hereni kwa sufu ya kondoo, hiyo sentensi imetufuata mpaka huko. Vidole vimepasuka, mikono ina vipele, pua inatiririka kama bomba la kanjo, na jibu ni lile lile.

Halafu kuna jibu la pili, la wale wanaojifanya wataalamu: "Wewe uko na aleji ya wool, achana na hiyo kitu." Kwangu majibu yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linakuumiza, la pili linakunyima kazi, na hakuna aliyekuuliza swali la maana: ni nini hasa kinakuwasha?

Tuanze na sufu yenyewe, maana ndiyo hulaumiwa kwanza. Aleji ya kweli ya nyuzi za sufu ni nadra sana. Kile wengi wetu huskia ni kudungwa. Nyuzi nene, zile zinazopita maikroni 30 hivi, hazipindi zikigusa ngozi. Zinadunga, mishipa ya fahamu inapiga kelele, nawe unajikuna. Merino laini iko chini ya maikroni 20, ndiyo maana watu wengi huivaa shingoni bila shida. Corriedale, mmoja wa kondoo wa sufu wanaofugwa kwa baridi ya huku kwetu, iko kati ya 25 na 33 hivi. Si mbaya, inafelti poa, lakini si ya kumtengenezea mtu skafu ya shingo. Tengeneza nayo slipa, begi ama zulia dogo. Kama ni kofia, weka kitambaa cha pamba kwa ndani. Hapo tayari umetatua nusu ya malalamiko ya wateja na hujagusa dawa yoyote.

Kitu cha pili ni lanolini, yale mafuta ya asili ya kondoo. Hii kuna watu ina aleji nayo kweli, hasa walio na ukurutu tangu utotoni. Sufu mbichi iko nayo nyingi, iliyooshwa vizuri inabaki nayo kidogo. Noma ni kwamba lanolini pia huwekwa kwa losheni, mafuta ya midomo na krimu za mikono. Kwa hivyo unaweza kufelti mchana, mikono iwashe, jioni ujipake krimu ya kuituliza, kumbe unaongezea moto petroli. Soma lebo. Ukiona "lanolin", "wool alcohol" ama "adeps lanae", ni familia moja.

Lakini ukiniuliza mshukiwa wangu mkuu, si kondoo. Ni maji moto na sabuni. Cheki vile felti hufanya kazi: kila uzi wa sufu una magamba madogo. Ukitia maji moto na sabuni halafu usugue, nyuzi zinatambaa, magamba yanashikana na haziachani tena. Mikono yako iko ndani ya huo mchezo wote. Sabuni ya kawaida ya mche ina pH ya 9 hadi 10, na ngozi yako inapenda kukaa karibu na 5. Masaa matatu ya hiyo kitu na mafuta yote ya ngozi yameenda. Ukitumia sabuni ya unga ya kufulia, ndio kabisa.

Na hapa ndipo ile hekima ya "zoea" inakuwa hatari. Ngozi iliyopasuka ni mlango wazi. Harufu za sabuni, rangi, lanolini, vyote vinaingia rahisi, na mwili unaweza kujifunza kuvikataa. Yaani ulianza na muwasho tu, wa kuisha ukipumzika, ukamaliza na aleji ya ukweli, na hiyo mara nyingi ni ya maisha. Wanaokuambia uvumilie wanakusukuma kuelekea ile aleji ambayo hukuwa nayo.

Usisahau kifua. Sufu mbichi huja na vumbi, nyasi na uchafu wa zizi. Ioshe kabla ya kuichambua, na uichambulie nje ama karibu na dirisha. Rangi za unga ndizo mbaya zaidi: zikipeperuka unazivuta, na kuna zinazoweza kukuletea aleji ya mapafu. Vaa barakoa ukipima unga, uchanganye na maji pole pole, na usitumie sufuria ya ugali. Kama uko na pumu, mwachie mwingine hiyo hatua. Ukifelti kwa sindano kavu hauna shida ya sabuni, lakini ile sindano ina meno madogo, ikikudunga inachana. Osha kidonda, na msipeane sindano.

Sasa glavu. Najua kuna wasee watasema glavu zinaua hisia ya mkono. Ni ukweli, hasa ukiwa unamalizia pua ya mwanasesere. Basi vaa wakati wa ile hatua ndefu ya kusugua kwa sabuni, uvue kwa vitu vidogo. Chukua za nitrili, kwa sababu zile za mpira wa kawaida nyingi ni lateksi, na hiyo pia ina aleji yake. Mikono ikitoa jasho ndani, tanguliza glavu nyembamba za pamba. Tumia maji ya uvuguvugu badala ya yale ya kuchoma. Utachelewa kidogo, lakini felti itashikana tu. Ukimaliza, suuza mikono, kausha katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Suuza kazi yako pia mpaka sabuni iishe, halafu uiloweke kidogo kwa maji yenye siki. Mteja wako akijikuna kwa sababu ya sabuni uliyoacha kwa kofia, atasema ni wool, na harudi.

Kuna wengine watasema shosho alisuka kiondo miaka yote bila glavu. Sawa, lakini shosho hakusuka akiwa ametumbukiza mikono kwa maji moto ya sabuni. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Kitu kingine kinaniudhi: ile tyubu ya krimu unauziwa dukani bila swali hata moja. Nyingi ni za steroidi kali. Zinatuliza haraka, ndio maana tunazipenda, lakini ukipaka kila siku bila mpango ngozi inakuwa nyembamba, na umerudi pale pale kwa mlango wazi. Kama vipele haviishi baada ya wiki mbili za kupumzika, ama vinasambaa mpaka usoni, ona daktari wa ngozi. Kuna kipimo ambapo wanabandika vitu tofauti mgongoni, wanaangalia baada ya masaa 48 na tena siku moja ama mbili baadaye. Hapo utajua adui kwa jina. Ukikosa pumzi ama midomo ikifura, hiyo si ya kusubiri wiki mbili. Enda hospitali saa hiyo hiyo.

Mwisho, tuongee pesa. Wengi wetu hufelti kwa karakana ya mtu, tunalipwa kwa kila kipande. Glavu unajinunulia, krimu unajinunulia, siku mikono imefura haulipwi. Ukiangalia vizuri, ngozi yako ndiyo inapunguza gharama ya ile kofia inayouzwa kwa mtalii. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye anapeana vifaa vya kujikinga kwa wafanyakazi walio kwa kazi ya kulowa ama vitu vinavyodhuru. Haijasema vifaa ni vya viwanda vikubwa pekee. Najua karakana nyingi ni ndogo na faida ni ya kubahatisha. Lakini kama bajeti ina nafasi ya lebo maridadi na picha za kupost, haiwezi kukosa boksi ya glavu.

Kwa hivyo ukiambiwa tena "zoea," jibu kwa heshima: "Sawa, nitazoea kazi. Lakini glavu ziko wapi?"