Chungu cha Kantini Kilifanya Kazi Gani Kabla?



Katika kiwanda kimoja hapa Kigali nilimkuta mama mpishi akisugua chungu cha chuma cha kusubu, kizito kiasi cha kuinuliwa na watu wawili. Mwajiri alikinunua kuukuu kwa wauza vyuma chakavu. Nikamwuliza mama kilikuwa cha nani. Akacheka: "Ndugu yangu, chungu hakina cheti cha kazi."

Mimi sikucheka. Chuma chenyewe si kibaya. Hofu ni risasi. Sisemi ya bunduki, nasema madini, ingawa ni hayo hayo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, moto wa makaa unatosha, wala chuma hakiyeyuki kwa moto huo. Basi anayevunja betri kuukuu za gari na kuyeyusha risasi yake hutafuta chungu cha chuma. Kazi ikiisha, chungu chaweza kusuguliwa, kikapakwa mafuta na kurudi sokoni na mabaki yake.

Wapo wanaosema kichemshe kwa siki, au kichome mpaka kiwe chekundu. Huo ni udanganyifu. Kukichoma hutoa moshi wa sumu, na anayeuvuta ni huyo mchomaji. Ukiona ndani matone ya kijivu, laini, yanayokwaruzika kwa kucha, usikipikie kamwe. Usipoyaona, usiseme kimepona. Risasi haionekani katika mchuzi wala haina harufu. Maabara ndiyo hujua.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kisicho na madhara. Huharibu akili ya mtoto, hupita kwa mama mjamzito hadi tumboni, humpa mtu mzima upungufu wa damu na ugonjwa wa figo. Waulizeni wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kati ya 2007 na 2014 katikati ya makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi ukatenguliwa, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo.

Nyumbani, muulize muuzaji chungu kimetoka wapi, akisitasita, acha. Lakini sikubali kwamba kantini nayo ni shauri la kila mtu na macho yake. Chakula cha kazini ni usalama kazini, sawa na glavu na kofia. Matawi yadai kila chungu kuukuu kipelekwe kupimwa kwa gharama ya mwajiri. Shirika la Viwango la Rwanda lina maabara. Tuanzie kuuliza pale. Mpaka majibu yaje, mama apewe sufuria nyingine.

Nanyi ndugu mnaoshika vyuma, Gisozi au popote: chungu kilichoyeyusha betri msikiuze. Kipigeni nyundo kivunjike, asije mtu akakipikia.