"Iko sawasawa tu" si jibu la kumpa mwenye mbwa

Jirani yetu katika komini ya Katuba ana mbwa anayelinda parseli yake usiku. Mbwa huyo alipoanza kujikuna hadi kutoka damu, daktari wa mifugo alimwandikia vidonge vya prednisoloni. Farmasi ya kwanza haikuwa navyo. Katika ya pili, kijana wa kaunta alimpa deksametazoni: "Papa, ile imeisha. Kamata hii, iko sawasawa tu."

Jirani alilipa, akarudi nyumbani. Baada ya siku chache mbwa aliacha kujikuna, naye akaendelea kumpa dawa kwa majuma kadhaa. Mbwa akawa anakunywa maji ndoo nzima, anakojoa kila mahali, na hashibi. Siku vidonge vilipoisha na pesa haipo, alikatiza ghafla. Mbwa akalegea, akatapika, akashindwa kusimama. Bahati nzuri alifikishwa kwa daktari akiwa hai.

Kosa ni la nani? Nadhani ni la mazoea yetu ya kuamini kwamba dawa za ukoo mmoja ni dawa moja.

Prednisoni, prednisoloni, metilprednisoloni na deksametazoni zote ni steroidi. Zinafanana na homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na zote hutuliza uvimbe na mwasho. Lakini nguvu zake hazilingani. Miligramu 5 za prednisoloni hukaribia miligramu 4 za metilprednisoloni, na miligramu 0.75 tu za deksametazoni. Anayebadilisha miligramu kwa miligramu anampa mnyama dozi karibu mara saba. Tena deksametazoni hufanya kazi mwilini kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo haifai kwa mpango wa kumpa mbwa dawa siku moja na kuruka siku ya pili.

Hata prednisoni na prednisoloni, majina yanayotofautiana kwa herufi chache, si kitu kimoja. Prednisoni lazima igeuzwe na ini kuwa prednisoloni ndipo ifanye kazi. Kwa mbwa mwenye ini zima tofauti ni ndogo. Kwa mbwa mwenye ini bovu, ni kubwa.

Kuna hatari nyingine mbili. Kwanza, mbwa anayemeza steroidi asipewe ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu tumbo linaweza kutoboka. Pili, kama mwasho unatokana na utitiri wa ngozi, steroidi hupunguza kinga ya mwili na aina fulani ya utitiri huo huzidi kuenea. Mbwa huonekana amepona, kumbe ugonjwa unakua.

Kuhusu kukatiza ghafla, sababu yake ni rahisi. Mwili ukipokea homoni kutoka nje kwa muda mrefu, tezi zake hulala. Zinahitaji kuamshwa polepole, kwa kupunguza dozi hatua kwa hatua.

Najua jibu la wengi: pesa. Kumwona daktari ni gharama, na farmasi iko karibu, kwenye kona ya avenue. Wahudumu wake nao wamezoea dawa za watu. Hata sisi wenyewe tunameza deksametazoni ili tunenepe, bila kuuliza mtu. Anayejifanyia hivyo atamhurumia mbwa kweli? Lakini kumpigia daktari simu kabla ya kukubali dawa nyingine hakugharimu kama kumtibu mbwa aliyeanguka. Na Lubumbashi haina kisingizio cha kukosa wataalamu: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha tiba ya wanyama hapa hapa mjini.

Kwa hiyo nawaomba madaktari wa mifugo waandike wazi kwenye karatasi jina la dawa, miligramu, idadi ya siku na jinsi ya kupunguza. Nawaomba wa farmasi, dawa ikikosekana, waseme tu "haipo." Nasi wenye mbwa tusiondoke kaunta na jina tusilolijua. Mbwa hawezi kusoma kilichoandikwa kwenye boksi. Sisi tunaweza.