Kijana Ataka Kufunga Tabo: Mama Aulize Nini?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Kisauni aliniletea barua kwa mkono wa bintiye. Zamu yake ya chama imefika, na mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 24, amemwomba shilingi 150,000 za chama hicho akanunue kitu cha kufunga kwenye gari. Katika barua kitu chenyewe kimeandikwa "taabu". Sijui kama ni kosa la kalamu au ni maoni ya mama, lakini kinachotakiwa ni tabo. Mama auliza mambo mawili: kitu hicho ni nini, na je, ampe?

Si desturi ya ukurasa huu kuingia gereji. Juma lililopita tulikuwa kwenye achari ya ndimu. Lakini mimi ni binti wa fundi. Marehemu baba alikuwa na gereji ndogo Majengo, na sisi watoto, wa kike kwa wa kiume, tulimshikia taa alipolala chini ya magari ya watu. Isitoshe, nyumbani kwetu tabo ilishaingia ikatoka, na ilipotoka ilitoka na injini nzima. Nitafika hapo.

Injini huishi kwa kuvuta hewa. Hewa huchanganyika na petroli ndani ya silinda, mchanganyiko ukawashwa kwa cheche ya plagi, ukaisukuma pistoni, kisha moshi wa moto hutoka kwa bomba na kupotea. Mnamo 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza ya wazo la kutoacha moshi ule upotee bure. Moshi hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, likazunguka. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti fupi na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Kina mama, lifikirieni jiko la makaa ambalo moshi wake wenyewe ndio unaozungusha kipepeo. Kadiri moto unavyowaka ndivyo kipepeo kinavyopepea, na kadiri kipepeo kinavyopepea ndivyo moto unavyowaka. Ndiyo maana pawekwa vali ya kuuchepusha moshi, mafundi huiita westigeti, ili mambo yasipite mpaka. Magurudumu hayo mawili, ambayo kwa gari dogo hutosha kiganjani, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye injini ya petroli joto la upande wa moshi laweza kukaribia nyuzi 1,000.

Faida yake si uzushi. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,500 kwa dakika humeza takriban kilo 7 za hewa kila dakika. Hesabu ya mafundi, ambayo si ya mizani ya dhahabu lakini haidanganyi sana, ni kwamba kila kilo ya hewa kwa dakika hutoa nguvu za farasi 22 hivi. Basi injini hiyo ina farasi 150 na ushei. Tabo ikiishindilia hewa kwa mgandamizo wa bar 1 juu ya ule wa kawaida, kilo zapanda hadi 12 au 13, na farasi wakafika 270 au 280. Ni injini ileile, chuma kilekile. Kijana asiyetamani hilo sijui kama yupo. (Na wenzetu wa Nairobi, walio mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yao ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja katika sita. Wao tabo huwarudishia walichonyimwa na mlima. Sisi wa pwani hewa nzito twaipata bila ya kuilipia.)

Nilikwenda kuliangalia gari lenyewe. Ni Subaru Impreza, safi, limeoshwa kama la arusi. Vijana wetu wanaipenda Impreza, na si bure: ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1997 na tena mwaka 2000, na baba zao waliiona ikipita katika vumbi. Kijana alinipokea kwa adabu zote, "Shikamoo, khalati," akafungua boneti mwenyewe. Juu ya boneti pana ule mdomo mpana wa kuvutia hewa. Nikamuuliza mdomo huu walisha nini. Akacheka, akainamisha kichwa. Haukulisha kitu. Ameubandika.

Nieleze kwa nini niliuliza. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Ishikeni pampu ya baiskeli baada ya kutia upepo, mtalihisi. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 30, ikishindiliwa na tabo kwa bar 1, hutoka ikikaribia nyuzi 125. Hewa ya moto ni nyepesi, na tena ni hatari, kwa sababu ninayoieleza punde. Kwa hiyo kati ya tabo na injini huwekwa intakula, yaani rejeta ya kupozea hewa. Kwenye Impreza zilizotoka kiwandani na tabo, intakula hukaa juu ya injini, na ule mdomo wa boneti ndio unaoipepea. Gari la kijana wetu halikuzaliwa na tabo. Mdomo ule ulikuwa ukivutia hewa mahali pasipo na wa kuipokea.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuulizwa, na ni kubwa kuliko bei: gari hili limezaliwa na tabo, au laongezewa? Kubadilisha tabo ndogo ya kiwandani kwa kubwa kidogo ni kazi ya kawaida, kwa kuwa injini imekwisha kuandaliwa. Kuitia tabo injini isiyo nayo ni jambo jingine. Injini ya kawaida hubana mchanganyiko wake mara 10 au zaidi kabla ya cheche; ile iliyokusudiwa tabo hubana mara 8 au 9 tu, ili iache nafasi ya mgandamizo wa tabo. Ukijumlisha yote mawili, hewa moto na kubanwa mno, petroli hulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Mlipuko huo husikika kama vishilingi vikitikiswa ndani ya kopo, nao huigonga pistoni kama nyundo. Petroli ya oktani ya juu hustahimili zaidi. Kule Japan magari yale ya mbio yalipangiwa petroli ya oktani 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Gari lililokuwa salama Osaka si lazima liwe salama Nyali.

Sasa habari ya nyumbani kwetu. Ndugu yangu mdogo alikuwa na gari kama hili, lisilo na tabo. Alinunua tabo iliyotumika, akanunua intakula na mabomba, akafungiwa na gereji moja mjini. Kila kitu kilikaa vizuri, chang'aa. Ila komputa ya gari haikuguswa. Komputa ile ilikuwa ikitoa petroli ya kilo 7 za hewa, hali injini imeanza kumeza 10 na 11. Tulikuwa tukivisikia vile vishilingi tukipanda daraja la Nyali, naye asema ni ganda la bomba la moshi lililolegea. Mwezi wa tatu, njiani kwenda Malindi, pistoni moja ilivunjika penye ringi. Mafuta yakapenya, moshi wa buluu ukajaa barabara nzima. Alikuwa na mchumba wake, mamaye mchumba, na mtoto wa jirani ndani ya gari. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini injini alinunua ya pili, na fedha alizoinunulia zilikuwa za mahari. Arusi ilisogea miezi minane, na upande wa pili ulisema maneno ambayo mpaka leo hukumbukwa Idi ikifika.

Kwa hiyo mama akiuliza bei ya tabo, ajue kwamba ameuliza bei ya ndimu tu na achari yote bado. Injini ikiongezewa hewa yataka nozo kubwa za petroli, pampu yenye nguvu, na mtu wa kuipanga komputa upya, gari likiwa limefungwa kipima cha kuonyesha kama mchanganyiko una petroli ya kutosha. Kazi hii ya mwisho haina ubadala. Mimi ningesema hivi: ikiwa fedha zatosha tabo lakini hazitoshi kuipanga komputa, basi hazitoshi tabo.

Na tabo ipi? Vijana hupenda kubwa, kama wanavyopenda spika. Tabo kubwa kwenye injini ndogo huchelewa kuzunguka. Mtu akanyaga, gari lafikiri, halafu nguvu zote zafika kwa pamoja, mara nyingi katikati ya kona. Tabo ndogo huamka mapema, lakini juu huishiwa pumzi na kuzalisha joto tu. Waundaji wa maana, kama Garrett, IHI, Mitsubishi na BorgWarner, huwa na michoro inayoonyesha kila tabo hutoa hewa kiasi gani na kwa mgandamizo gani. Injini yako itakiwe ianguke katikati ya mchoro. Ikianguka ukingo wa kushoto, hewa hurudi nyuma na kuipigapiga shafti. Ukingo wa kulia, tabo hukimbia bure. Kijana akishindwa kusema injini yake itahitaji kilo ngapi za hewa kwa dakika, bado hajachagua tabo. Amechagua picha.

Ikiwa ni iliyotumika, na nyingi mjini petu ni za hivyo, itazameni kabla ya kulipa. Mapanga yawe mazima, bila mapengo. Shikeni ncha ya shafti: kutikisika kidogo upande kwa upande si neno, maana beringi nyingi za tabo huelea ndani ya mafuta na hapo hamna mafuta. Lakini ikisogea mbele na nyuma mkaihisi kwa vidole, irudisheni. Mafuta yakiwa yametapakaa upande wa hewa safi, ulizeni kwa nini.

Katika kuifunga, tabo nyingi huuliwa na mafuta ya injini, na kosa huwa dogo la kuudhi. Shafti inayozunguka mara 100,000 haina urafiki na uchafu. Bomba la kuleta mafuta lisafishwe au liwe jipya. Baadhi ya Subaru zina chujio dogo ndani ya bolti ya bomba hilo, likiziba tabo hufa kwa kiu. Bomba la kurudisha mafuta halisukumwi na kitu, hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo liwe pana na literemke moja kwa moja bila kupindwa. Likipindwa, mafuta hujaa ndani ya tabo na kutokea kwenye moshi. Gundi ya gasketi isipakwe hapo, kwani kipande kikimenyeka kitaziba njia. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi atie mafuta ndani ya tabo, kisha aizungushe injini kwa stata bila kuiwasha mpaka mafuta yafike. Fundi anayefunga na kuwasha papo hapo ili mteja asikie mlio, huyo mwogopeni. Baada ya hapo ni wajibu wa mwenye gari: mafuta yabadilishwe mapema kuliko zamani, na baada ya mwendo mkali injini iachwe ingurume dakika moja mbili kabla ya kuzimwa, shafti ipoe ikiwa bado yapata mafuta.

Breki na matairi sina haja ya kuyaeleza, ila nimewahi kuona gari la farasi 280 lenye matairi ambayo baba asingeyatia kwenye mkokoteni. Na bima iarifiwe. Mkataba ulikatwa kwa gari la namna moja. Likibadilishwa kimyakimya, siku ya ajali huenda mkaambiwa kwamba gari lile hawalijui.

Haya yote nilimweleza kijana mbele ya mamaye, tukinywa kahawa. Hakukasirika. Alisema, "Khalati, mimi nilidhani utaniambia niache tu." Sikumwambia aache. Nilimwambia kwamba kwa gari lile mimi ningeliuza na kuongeza fedha ninunue lililozaliwa na tabo, lakini ikiwa moyo wake umeshikana na hili, aanze kwa kupima kompresheni ya kila silinda. Kipimo hicho ni cha saa moja, na si ghali. Injini iliyochoka isibebeshwe mzigo.

Jumanne walikwenda, mama na mwana pamoja. Silinda tatu zilisoma 170 na kidogo. Ya nne ilisoma 120. Fundi ashuku vali au ringi, na kuijua hakika ni lazima injini ifunguliwe. Muuzaji amekubali kuiweka ile tabo mpaka mwisho wa mwezi. Fedha za chama zingali kabatini, na mama ameniletea barua ya pili. Safari hii hakuuliza habari ya tabo. Auliza kufungua injini ni kiasi gani, na kama ni lazima yeye awepo fundi anapoifungua. Nimemjibu kwamba si lazima, lakini aende, na kijana amshikie taa fundi.